Malezi na vyombo vya habari: Nani anamlea mtoto wa Isiolo?

ISIOLO ni mji ulio kwenye makutano ya maisha ya aina mbili. Kusini kuna mashamba ya Meru, na kaskazini kumetandaa nyika ya wafugaji Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali. Barabara ya lami ya takriban kilomita 500 hadi Moyale, iliyokamilika katika muongo wa 2010, iliufungua zaidi ukanda huu. Leo mtoto wa Isiolo anaweza kuchunga mbuzi wakati wa likizo, kisha akatazama filamu kwenye simu shule zinapofunguliwa. Je, ni nani hasa anayemlea?

Mitindo ya malezi

Mnamo 1966, mwanasaikolojia Mmarekani Diana Baumrind alieleza mitindo mitatu ya malezi. Mwaka 1983, Eleanor Maccoby na John Martin waliipanua orodha hiyo ikawa minne.

Kwanza ni malezi ya kimabavu. Mzazi huamuru bila kueleza, na adhabu hutangulia mazungumzo. Mtoto hutii akiwa machoni pa mzazi, lakini aghalabu hukosa kujiamini.

Pili ni malezi ya mwongozo. Mzazi huweka mipaka, hueleza sababu zake na humsikiliza mtoto. Tafiti nyingi huyahusisha malezi haya na nidhamu ya kujitawala pamoja na ufanisi shuleni.

Tatu ni malezi ya kudekeza, ambapo upendo ni tele lakini mipaka haipo.

Nne ni malezi ya kutelekeza, ambapo mtoto hukosa upendo na mipaka pia.

Walezi wengi, mtoto mmoja

Miongoni mwa wafugaji, mtoto hakuwa wa mzazi mmoja. Kwa Wasamburu, kwa mfano, morani huongozwa na wazee wa rika la juu waitwao ilpiroi. Hata hivyo, baba anapofuata malisho wakati wa kiangazi, na mama akabaki mjini na watoto wanaosoma, idadi ya walezi hupungua. Pengo hilo ndilo linalojazwa na runinga na simu.

Athari za vyombo vya habari

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga kitendo hicho. Mwaka 1963 aligundua kuwa waliotazama kitendo hicho katika filamu waliiga vilevile. Kwa barobaro hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayodhibiti pupa huchelewa kukomaa, na kukubaliwa na wenzake ni jambo la thamani kubwa kwake.

Hata hivyo, vyombo vya habari si adui. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza nchini Tanzania mwaka 2014, hufundisha hisabati na sayansi kwa vibonzo vya Kiswahili. Tofauti iko katika kinachotazamwa, kwa muda gani na pamoja na nani.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Nchini Kenya, kanuni za utangazaji huzuia vipindi vya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Lakini simu iliyo mkononi mwa mtoto haina saa hizo. Mlinzi wake ni mzazi.

Wajibu wa mzazi

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Umbali wa malisho haufuti wajibu huo. Simu ileile inayolaumiwa inaweza kumwezesha baba aliye nyikani kuzungumza na mwanawe kila jioni.

Mzazi anayepiga marufuku simu bila kueleza humfanya mtoto aitazame kwa jirani. Anayeitoa bila masharti naye humwachia mtoto mzigo asioweza kuubeba. Lililo bora ni kuketi naye, kutazama pamoja, kuuliza maswali na kukubaliana kuhusu muda. Jamaa na wazee washirikishwe pia, kwani mkono mmoja haulei mwana.