Ghala Kabla ya Zabuni: Shahada ya Ugavi katika Nchi ya Mahindi

Hoja inayosikika sana katika mikutano ya wakulima, na siku hizi katika kumbi za mihadhara pia, ni kwamba biashara ya mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma imeharibiwa na madalali, na kwamba dawa yake ni wataalamu. Vyuo vitoe wahitimu wa usimamizi wa ugavi na uchukuzi, kaunti iwaajiri, dalali apotee. Makala hii inaipinga hoja hiyo, lakini si kwa kumtetea dalali. Nadai kwamba mhitimu tunayemtoa hajui anachokijua dalali, na hajui kwa sababu tumemfundisha kinyume chake.

Tuanze na chimbuko la shahada yenyewe. Katika Kenya, masomo ya ugavi yamekuzwa na sheria kuliko soko. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2005 ilifuatwa na ile ya 2007 iliyounda taasisi ya wataalamu wa ugavi, KISM, na kuweka utaratibu wa usajili wao. Kisha ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, inayotaka kazi ya ununuzi katika kila taasisi ya umma ishikwe na mtu mwenye ujuzi unaotambuliwa. Katikati ya hayo, mwaka 2013, serikali za kaunti 47 zilianza kazi, kila moja na idara zake, hospitali zake na zabuni zake. Mzazi wa Kiminini au Kanduyi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asomee ugavi anaiona meza ya afisa wa ununuzi waziwazi. Hakukosea hesabu. Na hata Juni 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wakae kando ili wachunguzwe upya, kilichotikisika ni sifa ya maafisa. Sheria iliyoizaa meza haikuguswa.

Ila meza hiyo imeumeza mtaala. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma ripoti za wanafunzi wanaorudi kutoka mafunzo ya nyanjani, wengi wao wakiwa wamepelekwa kati ya Mei na Agosti katika ofisi za kaunti, hospitali, shule za upili na vyuo vya ufundi. Zinafanana mno. Mwanafunzi amefungua bahasha za zabuni, amejaza daftari la stoo, ameandika hati ya kuagiza bidhaa, amesikiliza kamati ya tathmini ikibishana kuhusu cheti cha kodi kilichopitwa na tarehe. Haya si mambo madogo. Afisa asiyeyajua huishia kortini. Lakini miezi hiyo ndiyo ambayo gorogoro ya mahindi, kopo la kupimia la sokoni, hupanda bei hadi akina mama huanza kupimiwa nusu. Mwanafunzi anapita sokoni kila jioni akirudi chumbani kwake, anaona bei ikipanda, na ripoti yake haisemi neno. Hakuona kuwa huo nao ni ugavi.

Kwa nini hakuona? Jibu langu linahusu nadharia, na hapa sitapoteza wino kwa yale tunayokubaliana. Kila mwanafunzi huambiwa kwamba dhana ya usimamizi wa mnyororo wa ugavi ilipata jina lake mwaka 1982 kupitia mshauri wa biashara Keith Oliver, kwamba Peter Kraljic alitupa mchoro wa kuainisha ununuzi mwaka 1983, na kwamba Hau Lee na wenzake walieleza mwaka 1997 jinsi mabadiliko madogo ya mahitaji ya wateja yanavyozidi kukua kadiri maagizo yanavyopanda kuelekea kiwandani. Mfano wao mashuhuri ni nepi za watoto za Procter & Gamble. Watoto hutumia nepi kwa kiwango kilekile, lakini maagizo yanayofika kiwandani yanayumba.

Mfano mzuri, ila tazama umejengwa juu ya nini: kiwanda kinachoweza kuzalisha mwaka mzima, na taarifa inayopotoka njiani. Kitale hali imepinduka. Mlaji wa ugali hayumbi. Anakula leo alichokula jana. Kinachoyumba ni ugavi wenyewe, kwa kuwa mahindi ya Trans Nzoia hupandwa kati ya Machi na Aprili na huvunwa kwa mkupuo mmoja kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hakuna taarifa iliyopotoka. Kila mtu, kuanzia mwenye ekari nusu hadi mwenye lori kumi, anajua kwamba Juni bei itakuwa juu. Nadharia inayoanzia kwenye upotofu wa taarifa haina la kusema juu ya tatizo ambalo taarifa zake ziko wazi kama mchana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kutoka Toyota tumerithi fundisho kwamba bidhaa inayokaa stoo ni hasara: inafunga mtaji, inachukua nafasi, inaficha uzembe. Tunalihubiri muhula baada ya muhula, tena mbele ya vijana ambao mama zao wanaishi kwa kile walichobakiza darini. Katika mnyororo wa mavuno ya msimu mmoja, bidhaa inayokaa ndiyo thamani inayotengenezwa.

Ushahidi ninaouegemea zaidi ulikusanywa Bungoma kwenyewe, upande wa Webuye, na ukachapishwa mwaka 2019 na Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel katika Quarterly Journal of Economics. Swali lao ni rahisi hadi linaudhi. Ikiwa mahindi ni ya bei ya chini baada ya mavuno na ghali miezi michache baadaye, mwaka nenda mwaka rudi, mbona mkulima mdogo huyauza yakiwa rahisi kisha hurudi sokoni kuyanunua yakiwa ghali? Wakishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, waliwapa baadhi ya wakulima, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, fursa ya mkopo wakati wa mavuno. Dhamana ilikuwa magunia yenyewe, yaliyotiwa alama na kubaki nyumbani kwa mkulima. Mwenye mkopo hakulazimika kuyakimbiza sokoni ili alipe karo ya Januari. Aliyaweka, akauza bei ilipopanda. Faida juu ya fedha zilizokopeshwa ilikadiriwa kufikia 29%.

Sehemu ya pili ya utafiti huo husomwa kidogo, nayo ndiyo iliyonishika. Watafiti walibadilisha wingi wa mikopo kutoka eneo hadi eneo. Pale ilipotolewa kwa wengi, masoko yenyewe yalibadilika: bei ya wakati wa mavuno haikuporomoka sana, na ile ya msimu wa njaa haikupanda kwa kasi ileile. Pengo likapungua, na kwa hiyo faida ya kila mkopaji ikapungua nayo, ilhali waandishi wanaona dalili za manufaa kumfikia hata jirani asiyekopa. Wachumi wameiandika kazi hii kama makala ya mikopo. Mimi naisoma kama makala ya uchukuzi. Shehena ilisafirishwa kutoka Oktoba hadi Juni bila lori, na kila aliyeishikilia nyumbani alifanya kazi ya mchukuzi kwa jirani zake bila kujua. Kama kuna utafiti mmoja ambao mwanafunzi wa ugavi wa Bungoma hapaswi kuhitimu bila kuusoma, ni huu, nao haumo katika orodha yoyote ya vitabu vya kozi niliyowahi kuiona.

Sasa turudi kwa dalali. Nicholas Sitko na T. S. Jayne waliandika mwaka 2014, katika World Development, kwamba wanunuzi wadogo wa mashinani katika Afrika ya Mashariki na Kusini wanasingiziwa. Ushindani vijijini ni mkali kuliko wanasiasa wanavyodai. Wanaoitegemea kazi hiyo kama ngao ya kila mfanyabiashara wanaisoma vibaya. Bergquist na Michael Dinerstein, wakifanya jaribio katika masoko ya magharibi mwa Kenya na kulichapisha mwaka 2020, walipunguza gharama za wauzaji wa mahindi na kuona kwamba takriban 22% tu ya punguzo ndiyo iliyomfikia mnunuzi. Wauzaji walijiendesha karibu kama mtu mmoja. Makala hizi mbili hazipingani kadiri mashabiki wao wanavyodhani: moja inamtazama anayenunua langoni kwa mkulima, nyingine anayeuza sokoni kwa mlaji. Anayeumizwa na zote mbili ni mwandishi wa kitabu cha kiada anayesema kwamba ukipunguza gharama ya usafiri, bei hushuka. Lami ya kwenda Endebess na Suam ni jambo jema kwa mwenye gari. Kama faida yake itafika kwenye gorogoro ni suala la nani mwingine ana ghala.

Ghala linahitaji ujuzi ambao hauonekani katika mitihani yetu. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 18%, hali ya kawaida mvua inapochelewa kuisha. Kipimo kinachokubalika ghalani ni 13.5%. Likikaushwa hadi hapo, gunia hilo linabaki na kilo 85 na kidogo. Karibu kilo tano, yaani zaidi ya gorogoro mbili, zimeondoka kama mvuke; hakuna aliyeiba. Dalali anaijua hesabu hiyo kwa ncha za vidole. Anatia mkono ndani ya gunia, anauma punje, anataja bei, na mkulima anadhani ameibiwa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha hesabu. Kuna hata kipimo cha bure: weka chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu, tikisa, subiri kidogo. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umepita 15% na ukungu wa sumukuvu hauko mbali. Ni mambo haya ya unyevu na ukungu, si ya zabuni, yaliyofanya Kenya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache mwezi Machi 2021.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019 ingepaswa kuwa imelibadilisha somo hili. Mkulima anapeleka nafaka katika ghala lililoidhinishwa, inapimwa na kupangwa daraja, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo anaweza kuiweka benki kama dhamana. Ni jaribio la Webuye katika mavazi ya kisheria. Tanzania ilitunga sheria yake ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na mijadala ya korosho iliyofuata kule kusini inafundisha kwamba karatasi hiyo ina thamani ya uaminifu wa anayepima, wala haizidi hapo. Wakulima wa Kitale hawahitaji kukumbushwa. Sakata ya mahindi ya mwaka 2018, foleni za malori kwenye maghala ya bodi ya nafaka ya serikali, NCPB, wakati serikali ilikuwa imetangaza shilingi 3,200 kwa gunia, na kamati maalumu ya Seneti iliyofuata, vyote vilihusu swali lilelile: ni nani aliyeingiza mahindi gani, lini, na nani aliandika.

Nitaambiwa kwamba Bungoma iko kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa, na kwamba wanafunzi wanahitaji kujua forodha na makasha. Sawa. Januari 2022, madereva walipogomea ada ya kupimwa Covid waliyotozwa kuingia Uganda, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kutoka mpaka wa Malaba, na hilo nalo ni somo. Lakini ajira nyingi za korido hiyo zimo Mombasa na Nairobi. Malori hupita tu Kanduyi na Webuye. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna anayeajiri mweka ghala mwenye shahada. Ni kweli kwa sasa. Hata hivyo wale wanaolitaja hawaulizi kwa nini kaunti inaajiri maafisa wa zabuni: kwa sababu sheria iliwataka. Sheria ya 2019 inaweza kuwataka wapima daraja na wasimamizi wa ghala kwa nguvu ileile, kama vyuo vitapaza sauti badala ya kusubiri.

Napendekeza basi kwamba vyuo vya Kitale na Bungoma vihamishe mafunzo ya nyanjani ya ugavi kutoka Mei hadi Oktoba, hata kama kalenda ya muhula itavurugika. Mwanafunzi akae katika ghala la ushirika au la mfanyabiashara binafsi mavuno yakiingia, na asiingie darasa la sheria ya zabuni kabla hajapima gunia, kulikausha na kutetea daraja lake mbele ya mkulima aliyekasirika. Mtihani wake wa kwanza uwe bei: atabiri gunia litauzwa kwa kiasi gani Juni ifuatayo, na aandike atakachofanya ikiwa alikosea. Huenda nusu ya darasa ikahamia kozi nyingine. Mimi ningekubali nusu iliyobaki, na ningebashiri kwamba katika muda wa miaka kumi wao ndio watakaoamua bei ya unga Chwele na Kipsongo, wawe wameajiriwa au wawe wao wenyewe ndio madalali.