Mtihani wa Ukunga Uliokosa Watahini
Katika Uingereza ya karne ya 19, ukunga, yaani elimu ya kuhudumia mimba na uzazi, ulidharauliwa na wapasuaji wengi, ingawa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji kilikuwa kikiutolea cheti maalumu tangu 1852. Mwaka 1876, wanawake watatu waliotaka kuwa madaktari, Sophia Jex-Blake, Edith Pechey na Isabel Thorne, walipoomba kufanya mtihani wa cheti hicho, na wanasheria wakathibitisha kwamba chuo hakikuwa na haki ya kuwazuia, watahini waliona heri wajiuzulu wote kuliko kuwatahini wanawake, jambo la kusikitisha mno katika fani inayohusu miili ya wanawake wenyewe. Hatimaye, ni sheria ya udaktari ya 1886 iliyoupa ukunga uzito, kwa kumlazimu kila atakaye kusajiliwa kuwa daktari afaulu tiba, upasuaji na ukunga pia.