Mpango Mkakati: Kazi Inayoanzia Pale Sheria Inapoishia

Fungua mpango mkakati wa taasisi ya umma ya Tanzania, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa malengo. Lengo A, karibu kila mara, linahusu VVU na UKIMWI mahali pa kazi. Lengo B linahusu mapambano dhidi ya rushwa. Iwe taasisi inaendesha bandari au inasajili wahandisi, A na B ni zilezile, kwa sababu ndivyo utaratibu wa serikali unavyotaka. Mambo ya taasisi yenyewe huanzia C. Sina ugomvi na A wala B. Ila hayo ni majukumu, na jukumu haligeuki mkakati kwa kuwekwa ndani ya jalada la rangi.

Mkakati ni uchaguzi. Njia ziko kadhaa, fedha na watu havitoshi kuzipita zote, basi unashika moja na kuziacha nyingine huku ukijua unaacha nini. Mpango peke yake unaweza kuwa wa chochote: wa manunuzi, wa likizo, wa mafunzo. Ukishaongeza “mkakati” umeahidi kwamba kuna kitu umekataa kukifanya.

Ahadi hiyo imepungua nguvu katika matumizi ya kila siku. “Miradi ya kimkakati” ilianza kuzoeleka magazetini kwa reli ya kisasa na bwawa la Julius Nyerere, ikateremka hadi halmashauri, ambako stendi ya mabasi, soko na machinjio ni miradi ya kimkakati ya kuongeza mapato. Sasa kuna hata vikao vya kimkakati. Mara nyingi ukiondoa neno hilo na kuweka “kikubwa” au “muhimu”, sentensi haipotezi kitu.

Kuna pia suala la sarufi ambalo wahariri hulikwepa. Tuseme “mpango mkakati” au “mpango wa kimkakati”? Vyote vinaeleweka, na cha kwanza ndicho kilichoshinda maofisini. Taabu ni kwenye wingi. Wapo wanaoandika “mipango mikakati”, kana kwamba neno la pili ni kivumishi kinachofuata ngeli ya la kwanza. Mimi nashika “mipango mkakati”, kwa mfano wa “mipango kazi”: nomino ya pili inaeleza aina ya mpango na haina sababu ya kuhesabiwa. Wakenya na Watanzania wanaachana zaidi kwenye neno linalotangulia mpango wenyewe, kwani huku tuna dira na kule wana ruwaza, kama katika Ruwaza ya 2030. Hilo halina madhara.

Lenye madhara ni kutojua mkakati unaanzia wapi, na hakuna mahali linapoonekana vizuri kama kwenye bodi za usajili wa wanataaluma. Bodi ya namna hiyo haikujichagulia kazi. Sheria iliyoiunda imeshasema: isajili, itunze daftari, iweke kanuni za maadili, isikilize mashtaka, imfute anayestahili kufutwa, imshauri waziri. Ukiyanakili hayo na kuyaita malengo ya kimkakati, umeandika muhtasari wa sheria.

Mfano ninaoupenda uko Afrika Kusini. Baraza la Taaluma za Sayansi Asilia, linalojulikana kwa kifupisho SACNASP, linaongozwa na Sheria Namba 27 ya mwaka 2003. Linasajili wanakemia, wanajiolojia, wanabotania, wataalamu wa udongo, wa maji, wa chakula na wengine wengi, katika ngazi ambazo kwa Kiswahili ningeziita mwanasayansi mtaalamu, mwanasayansi mwenye cheti na mwanasayansi mtarajiwa. Mwenye shahada ya miaka minne huhitaji pia miaka mitatu ya uzoefu kazini kabla ya kuitwa mtaalamu na kuandika Pr.Sci.Nat. baada ya jina lake. Sheria inamtaka anayefanya kazi ya kitaalamu katika nyanja zilizoorodheshwa awe amesajiliwa.

Hapo sheria imemaliza. Sasa mtafiti wa chuo kikuu, ambaye mshahara wake unaingia kila mwezi bila mtu kumuuliza namba ya usajili, atalipa ada kwa sababu gani? Daktari asiyesajiliwa hukamatwa kwa kuwa kuna mgonjwa, kuna kliniki, kuna mlango wa kugonga. Mwanasayansi yuko maabara, yuko porini, yuko kwenye kompyuta, na anayeumizwa na kazi yake mbovu huenda asijue kabisa kwamba ameumizwa.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuwasaka wasiojisajili na kuwashtaki. Ni ghali, na inalifanya baraza lichukiwe na watu ambao linataka ada zao. Ya pili ni kuwashawishi kwa heshima ya cheo. Uingereza wanakwenda kwa njia hiyo: Baraza la Sayansi la huko, lililopata hati ya kifalme mwaka 2003, linatoa vyeo vya hiari kupitia vyama vya kitaaluma, na mtu anaweza kufanya kazi ya sayansi hadi kustaafu bila kukigusa kimojawapo. Ya tatu ni kuingia kwenye sheria za wengine.

Hii ya tatu ndiyo yenye akili zaidi. Mwaka 2020 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha taratibu za tathmini ya mazingira kwa mada mbalimbali, zikiwamo mimea, wanyama na bayoanuwai ya majini. Kwa mada hizo tatu, mtaalamu anayekwenda kukagua eneo la mradi lazima awe amesajiliwa SACNASP, na ripoti yake lazima iwe na namba yake ya usajili, uwanja wake wa utaalamu na wasifu wake. Kwenye madini, kanuni za SAMREC zinataka taarifa za rasilimali na akiba zinazotolewa kwa wawekezaji ziandaliwe na mtu mwenye umahiri ambaye amesajiliwa katika chombo kinachotambulika, na SACNASP ni kimojawapo. Mtaalamu wa mimea anayetumwa kukagua uwanda utakaojengwa paneli za sola hahitaji kuhubiriwa faida za usajili. Bila namba, ripoti haikidhi masharti, na mteja hatamwita tena.

Baraza linalochagua njia hiyo litawekeza kwenye wanasheria wachache na mikutano mingi na wizara nyingine, na litaacha kampeni za mabango. Huo ni mkakati, kwa sababu unaonekana umeacha nini. Pia unaonekana unavyoweza kudhuru: thamani yako ikikaa kwenye sheria ya jirani, jirani anaweza kuibadili. Mwaka 2022 waandaaji wa tathmini za athari kwa mazingira nchini humo walilazimika kusajiliwa katika mamlaka nyingine, iliyoteuliwa kwa kazi hiyo tu. Mwanasayansi wa mazingira akajikuta na ada mbili.

Nikisoma uchambuzi wa hali halisi katika mipango yetu, jambo kama hilo huwekwa chini ya “changamoto”. Zamani palikuwa na nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Siku hizi vitisho vimefutwa kwa adabu. Lakini changamoto hukabiliwa kwa bidii, hata inaweza kukufaa. Tishio linaweza kukumaliza, na bodi inayopoteza uwanja mzima wa utaalamu kwa chombo kipya haikukumbana na changamoto. Ningerudisha tishio kwenye majedwali hayo leo.

Vivyo hivyo kwenye viashiria. Kiashiria kinachopendwa na kila bodi ni idadi ya waliosajiliwa, kwa kuwa hupanda tu, na kinapendeza kwenye grafu. Hakisemi ni wangapi wameacha kulipa, wala ni watarajiwa wangapi wamekwama miaka na miaka kwa kukosa mlezi wa kuwasainia uzoefu wao. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania iliona pengo la aina hiyo, na tangu 2003 ina mpango maalumu wa kuwapitisha wahandisi wahitimu kwenye mafunzo ya vitendo hadi wafikie ngazi ya mhandisi mtaalamu. Kwa baraza la wanasayansi ningeweka viashiria viwili tu katika ukurasa wa kwanza: kati ya kila watarajiwa mia, wangapi wamevuka kuwa wataalamu ndani ya miaka mitano, na ombi linakaa siku ngapi mezani kabla ya kujibiwa. Hicho cha pili wakurugenzi hawakipendi, maana mwombaji naye anahesabu siku zake.