Usukani na Vibawa Vioanishwe, Visiratibiwe

“Uratibu wa usukani na sukani za mabawa.” Hivyo ndivyo baadhi ya watunga istilahi wanavyotaka warushaji wa ndege za rimoti wakiite kitendo cha kukata kona kwa vijiti viwili kwa pamoja. Istilahi hiyo ina makosa mawili, na yote mawili humfuata mwanafunzi hadi uwanjani.

La kwanza ni uratibu. Kuratibu ni kupanga mambo yafuatane: ratiba, utaratibu na mratibu ni ukoo mmoja, na wote wanakaa vizuri ofisini. Kona ya ndege haina kufuatana. Ndege inapolazwa kushoto, kibawa cha kushoto, kile kipande kinachosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, hupanda na cha kulia hushuka papo hapo. Kile kinachoshuka huongeza nguvu ya kunyanyua upande wake, lakini huongeza pia ukinzani wa hewa, hivyo bawa la kulia hubaki nyuma na pua hugeukia kulia wakati ndege imelalia kushoto. Mfano wa ndege ya Piper Cub, wenye bawa refu lililonyooka, hulionyesha jambo hili waziwazi. Aliye chini huona pua ikichungulia nje ya kona na mkia ukining’inia ndani. Usukani wa mkiani ukiletwa baadaye, kwa zamu yake ya kiratiba, kona imeshaharibika.

Neno linalofaa lipo, nalo halihitaji kikao. Ni kuoanisha. Katika oa kuna oana, na katika oana kuna oanisha: kufanya viwili viende pamoja, kila kimoja kwa kiasi kinachokifaa kingine. Mtoto yeyote aliyefanya mtihani katika shule za Tanzania ameshakutana na agizo la kuoanisha maelezo ya fungu A na yale ya fungu B. Kiambishi -an- kinabeba kutendeana, na ndiyo fizikia yenyewe: kibawa kinazaa kosa la pua, usukani unalifuta, na kiasi cha kimoja kinategemea kiasi cha kingine. Inashangaza kwamba watu waliosomea mnyambuliko wa vitenzi walilipita neno hili na kwenda kuazima la waratibu wa miradi.

Historia nayo iko upande wa kuoanisha. Mwaka 1902, huko Kitty Hawk, Wilbur na Orville Wright walikuwa na ndege isiyo na injini, yenye mkia wa wima usiosogea. Waligeuza ndege kwa kupinda ncha za mabawa, na mara kwa mara iliteleza upande wa bawa lililolala hadi ikachimba mchanga. Dawa yao ilikuwa kuufanya mkia usogee, kisha kuufunga kwa nyaya na mtambo uleule uliopinda mabawa. Usukani na mabawa vikawa kitu kimoja. Mwaka 1905 walivitenganisha tena, na tangu hapo kazi ya kuvioanisha ikawa ya mkono wa rubani.

Kosa la pili ni “usukani wa bawa”. Kipande hicho cha ukingo wa nyuma wa bawa Wafaransa walikiita *aileron*, yaani bawa dogo, kutoka *aile*, ambalo asili yake ni *ala* la Kilatini. Kiswahili kina ki- ya udogo tangu zamani. Bawa, kibawa, vibawa. Wapo wanaodai kwamba kibawa ni neno la kitoto. Mfaransa hakuona utoto katika udogo huo, na lugha nyingi za urubani zimelifuata neno lake. Eleroni inavumilika. Usukani wa bawa hauvumiliki, kwa sababu unadanganya: kibawa hakielekezi pua, kinalaza ndege, na ni ule mlalo unaoizungusha.

Usukani wenyewe uachwe mkiani. Umetoka *sukkan* la Kiarabu, ukakaa kwenye tezi la jahazi karne nyingi kabla gari halijauchukua. Rubani naye alikuwa mtu wa bahari, aliyeongoza vyombo, kabla ya kupanda angani. Maneno ya mabaharia yaliingia katika ndege bila kuvunjika. Kuyagawa sasa, usukani huku na sukani kule, ni kubomoa kilichokwisha kujengwa.

Kwa matumizi: kwenye rimoti ambayo kijiti cha kulia kina vibawa na cha kushoto kina usukani, visogezwe upande mmoja kwa wakati mmoja, usukani kidogo tu, kisha vyote virudi katikati ndege ikishalala. Rimoti nyingi za sasa zinaweza kuoanisha zenyewe, na kibawa kinachopanda kikipangwa kupanda zaidi ya kile kingine kinavyoshuka, kazi ya usukani hupungua.

Mwandishi wa makala haya ameshawatumia watunga istilahi hao pendekezo hili na hakujibiwa. Analirudia hapa hadharani: walimu wa ndege za rimoti na wanaoandaa vitabu vya mafunzo waandike “kuoanisha usukani na vibawa”, na waiache istilahi ile ya uratibu isubiri ratiba yake.