Deni la sehemu ya tatu

Mzee anayesimulia shikomeni, usiku ukiwa mkubwa akakatiza hadithi katikati, anajua kabisa kwamba kesho jioni atadaiwa. Leo nazungumzia deni la namna hiyo. Halikukopwa Shinyanga wala Geita, lilikopwa Marekani, lakini wadai wake wako hata huku kwetu. Fundi mmoja wa kompyuta hapa mjini aliwahi kuniuliza kama mimi, mtu wa redio, najua mwisho wa kisa chenyewe.

Mwaka 1998 kampuni ya Valve, ya jimbo la Washington, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Half-Life. Mchezaji huona kila kitu kwa macho ya mhusika, na mikono inayoonekana kwenye kioo ni kama yake mwenyewe. Mhusika huyo ni Gordon Freeman, mwanafizikia asiyesema neno. Jaribio la maabara linakwenda mrama, na viumbe wa ulimwengu mwingine wanamiminika. Silaha yake ya kwanza ni nini? Mtaimbo! Hapo mchimbaji wa Nyarugusu hahitaji mkalimani.

Half-Life 2 ilifika mwaka 2004, baada ya miaka sita. Wakubwa wa Valve wakaona kungojana hivyo ni mateso, wakaamua kuuza mwendelezo kwa vipande vitatu vifupi, mithili ya zile hadithi za magazetini zilizoishia na neno "itaendelea". Cha kwanza kilitoka Juni 2006, cha pili Oktoba 2007.

Kipande hicho cha pili ndicho kinachotuhusu sisi watu wa machimbo. Alyx Vance, binti anayefuatana na Gordon, anajeruhiwa vibaya, na dawa yake iko chini ya mgodi uliotelekezwa. Gordon anashuka. Huko anakuta watu wachache karibu na lifti, na pamoja nao anapambana na wadudu wakubwa wa kutisha wanaochomoza mahandakini. Sisemi mchezo na msiba ni kitu kimoja, la hasha. Lakini huku tunakumbuka Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kijana wa Kahama akicheza sehemu ile anaijua giza yake.

Mwishoni Eli Vance, baba yake Alyx, anauawa mbele ya binti yake. Kilio kinasikika, na pazia linashuka. Kipande cha tatu kilikuwa kimeahidiwa kwa Krismasi ya mwaka 2007. Krismasi ikapita, na nyingine nyingi baada yake.

Kwa nini? Novemba 2024, Half-Life 2 ilipotimiza miaka 20, mkuu wa Valve, Gabe Newell, alieleza kwamba hakuona kipande hicho kingesukuma mbele kitu gani kipya, na kwake kuendeleza hadithi tu hakukutosha. Hoja hiyo ina heshima yake. Ila naiona ni hoja ya mwenye duara, si ya aliyeshikishwa kamba akaambiwa angoje. Dhahabu inaweza kungoja: mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000, na mawe yalikuwa palepale. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2007 leo ni mtu mzima, pengine ana watoto.

Ndugu zangu, mwandishi wa kisa, Marc Laidlaw, aliondoka Valve mwaka 2016. Mwaka uliofuata aliweka hadharani barua yenye mambo ambayo yangeweza kuwa ya kipande kile, majina yakiwa yamegeuzwa kidogo. Mnaijua tabia ya huku: kampuni kubwa ikiacha shimo, wachimbaji wadogo hawakai mbali. Ndivyo ilivyokuwa. Wapenzi wa mchezo kutoka nchi mbalimbali walijikusanya mwaka huohuo wa 2017, bila mshahara, wakaanza kuutengeneza mwisho wenyewe kwa kuifuata barua hiyo. Kazi yao wakaiita Project Borealis. Novemba 2024, mwezi uleule Newell alipotoa maelezo yake, walitoa kipande kifupi cha utangulizi, na hawakutoza hata senti.