Kabla hujafunga feni ya umeme kwenye Land Rover ya mzee, iulize dainamo

Likizo iliyopita, kule Lupepo wilayani Rungwe, nilimkuta baba mdogo amesimama mbele ya pikapu yake, boneti iko wazi. Ni Land Rover 109 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo inabeba ndizi kupandisha milima kwenda Uyole. Tatizo lake lilikuwa kuchemsha mlimani. Fundi mmoja akamshauri ang'oe feni ya zamani, aweke ya umeme ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo la Kijapani. Pesa ya ndizi za mwezi mzima ikaondoka. Safari ya kwanza gari likachemsha mapema kuliko zamani, na usiku ule taa zikafifia kama kibatari.

Kwa nini? Kupata jibu inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 120.

Mwaka 1900 mhandisi Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler, Ujerumani, alitengeneza rejeta iliyofanana na sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu farasi 35. Ilikuwa na vijirija 8,070 vya kupitisha hewa, na feni nyuma yake. Joto lilitoka haraka kiasi kwamba lita 9 tu za maji zilitosha. Kwa miongo mingi iliyofuata, feni ya kawaida ilizungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Ni mpango mzuri kwa sababu hauna waya wala swichi. Ubaya wake ni kwamba feni inazunguka hata isipohitajika, asubuhi ya baridi au barabara ya tambarare ambako upepo wa mwendo unatosha. Inakula nguvu ya injini bure.

Sasa utauliza, mbona hawakuweka feni ya umeme mapema? Mota zilikuwepo. Kilichokosekana ni umeme wa ziada. Magari yale yalitumia dainamo, na dainamo injini ikizunguka taratibu haitoi kitu cha maana. Mambo yalibadilika diodi za silikoni zilipopatikana kwa bei nafuu. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza gari la Valiant likiwa na alteneta kama kifaa cha kawaida. Kisha yakaja magari yenye injini iliyokaa kwa upana, kama Fiat 128 ya mwaka 1969. Humo rejeta iko mbele, lakini ncha ya injini inatazama ubavuni, kwa hiyo feni ya mkanda haikai vizuri. Hapo feni ya umeme ikapata kazi.

Umeona mfuatano? Alteneta kwanza, feni baadaye. Pikapu ya baba mdogo ilirukishwa hatua moja.

Tupige hesabu. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za wakati ule, mwisho wake ni ampea 22. Taa kubwa mbili za wati 45 kwa volti 12 zinakula kama ampea 7.5. Taa ndogo, waipa na umeme wa plagi, weka 6. Feni ya gari dogo, weka 15. Jumla inafika 28 na ushee. Kinachopungua kinatoka kwenye betri, na mvua za Rungwe unazijua: usiku vyote hivyo vinawaka kwa pamoja.

Kosa la pili lilikuwa la kuchekesha, kama si pesa ya mtu. Kwenye Land Rover za miaka ile, mpaka karibu 1967, upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Kwenye gari la Kijapani ni hasi. Fundi alifuata mazoea: waya mweusi kwenye bodi. Mota ya namna hii ukigeuza chanya na hasi inazunguka kinyumenyume, kwa hiyo feni ilikuwa inausukuma upepo utoke mbele ya gari! Tulijaribu kwa karatasi. Feni ikiwa sawa, karatasi inanata mbele ya rejeta. Yetu ilipeperuka.

Lakini hata ingezunguka sawasawa, je, ilihitajika? Mlimani gari linapanda kwa gia ndogo. Mwendo ni mdogo ila injini inazunguka kwa kasi, na feni ya mkanda inazunguka nayo. Yaani feni ya zamani iko vizuri palepale tulipokuwa tunailaumu. Feni ya umeme inaizidi zaidi kwenye foleni, injini ikiwa sailensi.

Kwa hiyo kama gari lako linachemsha mlimani, anza na vitu vya bei ndogo: rejeta iliyoziba kwa kutu na matope, mkanda uliolegea, themostati, na kizibo cha rejeta. Kizibo usikidharau. Kwenye mwinuko wa Tukuyu, takriban mita 1,500, maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi, siyo 100. Kizibo kizima hushikilia presha na kukupa zaidi ya digrii 10 juu ya hapo. Kilichokufa hakikupi kitu.

Ukishayamaliza hayo na bado unataka feni ya umeme, basi:

1. Funga alteneta kwanza, na uangalie chanya na hasi za gari zima.
2. Chagua feni inayofunika sehemu kubwa ya rejeta, ikae nyuma na kuvuta.
3. Weka rilei, fyuzi na swichi ya joto.
4. Fanya jaribio la karatasi kabla ya kufunga boneti.

Baba mdogo alirudisha feni yake ya zamani, akazibua rejeta na kununua kizibo kipya. Wiki iliyofuata ndizi zilifika Uyole bila kusimama njiani. Ile ya umeme iko stoo, inasubiri alteneta.