Ini la Papa
Kwetu Likombe, papa alitangulia kujulikana kwa harufu. Babu alilichemsha ini lake akapata sifa, yaani mafuta ya ini, akaipaka kwenye mbao za mashua. Chini ya maji kazi ilikuwa ya deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Nyama ilikaushwa ikawa ng'onda. Wavu wa jarife ndio uliomleta papa, na jarife la papa ndilo lililonasa samaki wa kale, silikanti, huko Songo Mnara, 2003.

Si sisi tu tunaolitaka ini la papa. Nyangumi muuaji ni mgeni kwetu. Lakini 2017, Gansbaai, Afrika Kusini, papa weupe walitupwa ufukweni bila maini. Mlaji ndiye nyangumi huyo. Kumbe hata yeye anajua palipo na mafuta! Baharini nyangumi huyo hajulikani kuua mtu. Papa naye huua mtu mara chache, nasi tukamuuza mpaka mapezi. Sifa sasa haba. Mafundi wanapaka oili chafu.